LUKU inaisha, na penzi je?

Kuna wanandoa wanaogombania simu, na kuna wanaogombania mawifi. Mimi na mume wangu tuligombania taa.

Tunaishi Mafiga, hapa Morogoro, nyumba ya kupanga. Asubuhi ukifungua dirisha, Milima ya Uluguru hiyo mbele yako. Nyumba nzuri, ila taa zake ni zile ndefu za zamani, tatu ndani na moja nje. Ya sebuleni ukiiwasha inakonyeza kwanza, halafu inaanza kuvuma kama mbu. Tukazoea.

Tulichoshindwa kuzoea ni LUKU. Umeme ukikata katikati ya tamthilia, kesi inaanza. "Mama, pasi yako hiyo!" Nami simwachii: "Pasi? Na mpira wako wa mpaka usiku wa manane je?" Ikafika mahali kila mmoja ananunua umeme wake na kutunza risiti kama ushahidi wa mahakamani. Jamani, watu tunaolala kitanda kimoja!

Mwizi alikuwa juu ya vichwa vyetu

Siku moja nikashika kalamu. Tyubu ya futi nne imeandikwa wati 36, lakini choki iliyofichwa ndani ya fremu nayo inakula, kwa hiyo weka kama wati 45. Tatu za ndani kwa saa 5 kila usiku, ya nje kwa saa 12 mpaka kunakucha: unit 36 hivi kwa mwezi!

Tyubu ya LED ya urefu huohuo inatumia wati 18 tu, na inamwaga mwanga wake chini unakohitajika, wakati ile ya zamani inamulika mpaka dari. Matumizi yaleyale yanashuka mpaka kama unit 15. Kwa mtumiaji mdogo, ambaye hatakiwi kuzidi unit 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei nafuu, hilo si jambo dogo.

Nikamwonyesha mzee. Akaenda mjini, akarudi na tyubu moja na bisibisi. Nikamwambia tuite fundi. "Fundi wa nini? Hii si kubadilisha balbu tu!"

Basi bwana, tyubu ile ilitaka waya wa moto upande mmoja na nyutro upande wa pili. Yeye akaziunga zote upande mmoja. Alipowasha tu, pah! Giza. Katika kurudi nyuma akaigonga ile ya zamani aliyokuwa ameiegemeza ukutani, ikapasuka vipande.

Maneno yalikuwa yameshanijaa mdomoni. Lakini nilichokisikia gizani ni sauti yake inatetemeka: "Mtoto yuko wapi?" Nikamjibu, "Ninaye, usiogope."

Tyubu hizo zina zebaki kidogo ndani, na zebaki ni sumu. Tukatoka wote nje, madirisha wazi. Baadaye tukaokota vipande kwa kipande cha boksi, tukafuta vumbi kwa karatasi yenye maji, vyote tukavifunga kwenye kopo. Ufagio hatukugusa, maana unatawanya.

Tukiwa tumekaa barazani akasema kitu ambacho risiti zote zile hazikuniambia. Kazini kwake walikuwa hawajalipwa miezi miwili. "Nilikuwa nagombana na wewe kwa unit kwa sababu nilishindwa kukuambia hilo." Mpaka leo namshukuru yule mwizi wa umeme.

Usirudie makosa yetu

1. Kama umepanga, ongea kwanza na mwenye nyumba. Fremu ni mali yake.
2. Soma boksi. Kuna LED zinazofungwa na stata yake maalumu, choki inabaki. Nyingine zinataka choki itolewe na waya ziungwe moja kwa moja. Kuna za kuingiza umeme upande mmoja na za pande mbili.
3. Zima meni swichi, siyo swichi ya ukutani peke yake, na mwachie fundi umeme kazi ya waya.
4. Fundi akibadilisha waya, abandike karatasi kwenye fremu isemayo "LED tu", asije mtu akarudishia tyubu ya zamani.
5. Anza na taa inayowaka muda mrefu. Kwetu ilikuwa ya nje.

Na usidhani haya ni ya Mafiga tu. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuachana na utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizi ifikapo mwisho wa 2027. Tanzania ni mwanachama. Kubadilisha mtabadilisha tu, bora mpange mapema.

Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu, na sisi tunaoishi Mafiga tungekuwa wa kwanza kulijua hilo. Siku hizi LUKU tunanunua kwa mfuko mmoja. Ikiisha, tunaulizana kwanza: "Mwenzangu, kuna kitu unataka kuniambia?"