Je, Wajua? Kura Kabla ya Miaka 18

Je, wajua kwamba miaka 13 ya kwanza ya uhuru wa Sudan Kusini ilipita bila uchaguzi mkuu? Ule wa Desemba 2024 nao uliahirishwa kwa miaka miwili. Kwa hiyo wapo vijana wa Juba waliowahi kumpigia kura msanii kwa simu lakini hawajawahi kumpigia kura mbunge.

Na wapiga kura wa aina hiyo hawakosekani: sensa ya 2008 ilikuta zaidi ya nusu ya watu wa huko wako chini ya miaka 18.

Je, wajua kwamba Nairobi ilikuwa na tuzo za wasanii za rika hilo, Chaguo la Teeniz, au CHAT kwa kifupi, chini ya Insyder, jarida la vijana? Kampala nayo ikawa na Buzz Teeniez. Miji hiyo ndiyo iliyopokea familia nyingi za Sudan Kusini wakati wa vita, na watoto waliosomea huko walirudi Juba na Kiswahili cha mtaani na nyimbo za genge, rap ya Nairobi, kichwani. Hata Emmanuel Jal, rapa wa Sudan Kusini aliyekuwa askari mtoto, alianza kuvuma akiwa Kenya. Wimbo wake "Gua" ulitamba redioni huko mwaka 2005.

Tanzania? Tuzo zake kubwa kwa miaka mingi zilibeba jina la bia, Kilimanjaro. Diamond Platnumz alizoa 7 usiku mmoja mwaka 2014. Bia si ya watoto, kwa hiyo msichana wa kidato cha pili alishangilia akiwa nyumbani.

Je, wajua kwamba Teen Choice ya Marekani, iliyoanza 1999, ilipokea kura za wenye miaka 13 hadi 19, tena mtu aliruhusiwa kurudia kila siku? Raha hiyo. Ila masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo yaliwapa waandaaji haki ya kuchagua mshindi wao wenyewe kati ya wanne walioongoza kwa kura. Yaani aliyeshika nafasi ya nne angeweza kuondoka na tuzo! Mwaka 2014 baadhi ya walioteuliwa, nyota wa video fupi za Vine, walisema mitandaoni kwamba washindi walijulikana siku kadhaa kabla kura hazijafungwa. Mashabiki waliwaka. Tuzo ziliendelea hata hivyo hadi 2019, ndipo zikanyamaza. Kwa maoni yangu, vijana wale walipata somo la uchaguzi mapema mno.

Mshindi alipewa nini? Ubao mzima wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, mrefu kuliko baadhi ya waliopewa. Juba ina Bahr el Jebel tu, mto usio na wimbi la kupanda. Pale mtaani Gudele, Juba, ubao huo ungegeuzwa benchi la kijiwe cha chai, na wateja wangebanana vizuri tu.