Kura ya Suti na Kauli ya "Wote ni Mamoja": Mfano wa Kisumu

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, kauli mbili husikika sokoni, ndani ya matatu na katika vituo vya bodaboda mjini Kisumu. Ya kwanza ni "wote ni mamoja", yaani wagombea hutofautiana kwa majina tu. Ya pili huhimiza kura ya suti, yaani kuwachagua wagombea wote wa chama kimoja, tangu rais hadi ngazi ya chini kabisa. Aghalabu kauli hizi huchukuliwa kuwa zinapingana, kwa kuwa ya kwanza ni ya aliyekata tamaa na ya pili ni ya mfuasi mtiifu. Makala hii inanuia kuonyesha kuwa shina lao ni moja: zote mbili humwondolea mpiga kura wajibu wa kumtazama mgombea mwenyewe.

Asili ya Kukata Tamaa

Itakuwa kosa kudai kuwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria wamekata tamaa bila sababu. Mnamo Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ghasia zilizuka, risasi zikafyatuliwa na raia wakauawa. Siku chache baadaye, chama cha KPU kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga kilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukafanyika bila upinzani. Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, mji uligubikwa tena na moto na vifo. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti 8. Marudio ya Oktoba 26 yalisusiwa, na upigaji kura ukaahirishwa katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Machi 9, 2018, mahasimu Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono. Aliyefiwa katika ghasia za uchaguzi ule alikuwa na haki ya kujiuliza nduguye alifia nini.

Hata hivyo, ni muhimu kutofautisha kususia na kukata tamaa. Anayesusia hukataa hadharani na hutoa dai linaloweza kujibiwa. Aliyekata tamaa hana dai lolote. Kimya chake humfaa yeyote atakayeshinda.

Karatasi Sita

Kabla ya 2013, mpiga kura alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Tangu uchaguzi wa Machi 4, 2013, hupewa sita: za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, mbunge na mwakilishi wa wadi. Zahanati, masoko, elimu ya chekechea na uvuvi ni miongoni mwa majukumu ya kaunti. Hivyo basi, mchuuzi wa samaki asiyekwenda kupiga kura kwa sababu ya kuchoshwa na siasa za urais huziacha pia karatasi zinazogusa soko lake. Naye mvaa suti huzitia alama zote, lakini huwa amesoma jina la chama tu.

Eneobunge la Kisumu Mashariki linatoa funzo. Shakeel Shabbir, aliyewahi kuwa meya wa Kisumu, alichaguliwa mbunge kwa tiketi ya ODM mwaka wa 2013. Katika chaguzi za 2017 na 2022 aliwania akiwa mgombea huru, kama Kifungu cha 85 cha Katiba ya 2010 kinavyoruhusu, akashinda mara zote mbili. Kaunti iyo hiyo ilimpigia Raila Odinga wa ODM karibu kura zake zote za urais. Ni dhahiri kwamba wapiga kura wengi wa huko waliivua suti ndani ya kituo na kuipima kila karatasi peke yake, wala hawakuhitaji kukihama chama ili kufanya hivyo.

Hitimisho

Wanaokataa kuchagua huweza kujikinga kwa methali: "Mchagua nazi hupata koroma." Lakini wahenga walinena pia: "Heri nusu shari kuliko shari kamili." Methali hii haimsifu mgombea yeyote. Inachodai ni kwamba shari hupimwa, na hakuna awezaye kuijua nusu na kamili bila kulinganisha.

Raila Odinga alifariki Oktoba 15, 2025. Uchaguzi uliopangwa kufanyika Agosti 2027 utakuwa wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe kuikuta Kisumu bila Jaramogi wala mwanawe. Jina lililoishona suti halitakuwapo. Karatasi zitabaki sita, na kila moja itakuwa na majina ya watu wasiofanana.