Fahamu: Michango ya wanafunzi kwa waathirika wa tetemeko ilipitia wapi?

Tarehe 6 Februari 2023, saa 10:17 alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. La pili, la 7.5, lilifuata mchana wa siku hiyohiyo. Waliokufa walizidi 50,000.

Kwenye vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza, wanafunzi wenye asili ya Uturuki na Syria waliweka meza za kuchangisha: sinia la baklava, birika la chai, kisanduku cha noti. Baadhi yao walikuwa bado hawajapata habari za ndugu zao.

Kwa nini fedha, si makoti? Nguo husafiri polepole, hujaza maghala na huhitaji watu wa kuzichambua. Fedha hununua blanketi palepale jirani na maafa.

Ugumu ulikuwa Syria. Kwa kuogopa vikwazo vya Marekani vilivyokuwapo wakati huo dhidi ya Syria, benki ziliweza kuzuia hata mchango halali. Ndipo tarehe 9 Februari Wizara ya Fedha ya Marekani ikatoa kibali cha siku 180 kuruhusu miamala ya misaada ya tetemeko.

Kwa Uturuki, wengi walichangia Ahbap, shirika lililoanzishwa na mwanamuziki Haluk Levent. Kabla mwezi haujaisha, ikabainika kuwa Ahbap iliuziwa mahema na kampuni ya shirika la misaada la Hilali Nyekundu ya Uturuki, katika siku zilezile watu walipokuwa wakilala nje kwenye baridi. Jambo hilo liliwauma Waturuki wengi, na lilistahili kuuma.