Nyuma ya darasa la sita, watoto wanatambaa kwa tumbo

Mwezi huu wengi mmewaona watoto wakitambaa nyuma ya darasa la sita, na mama mmoja alikuja kuuliza kama shuleni siku hizi wanafundishwa kuwa nyoka. Hapana, mama. Wako kwenye mazoezi ya Kinjeketile, ule mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein uliochapishwa 1969, na kipande hicho cha kutambaa kimewatesa kuliko vyote.

Kwa wasioujua: mchezo unatoka kwenye vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, huko kusini mwa Tanganyika, wakati Wajerumani walipowalazimisha watu kulima pamba. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli. Wazee wa huko waliwasimulia watafiti wa historia miaka ya 1960 kwamba aliondoka asubuhi akienda kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele, mpaka akapotelea ndani ya maji. Kesho yake akatoka mzima, nguo zake kavu. Kusoma hayo ni rahisi. Lakini kijana aliyepewa nafasi hiyo alisimama akauliza: sasa mimi nitambae vipi?

Mara ya kwanza alitambaa kwa magoti na viwiko, haraka haraka, kama mtu anayepita chini ya waya. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu hakumwambia afikirie mizimu, wala hakumwambia asikie uchungu. Alichukua kikwembe, akamfunga vifundo vya mikono, wavulana wawili wakamvuta polepole mchangani. Wakarudia mara tatu. Halafu akakiondoa, akamwambia aende mwenyewe vilevile. Loo! Mikono ikatangulia, mabega yakafuata, kichwa kikabaki nyuma kama kinachokataa, miguu ikaburuzika tu. Ukiangalia unasema kabisa kuna kitu kinamvuta. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Njia hii ya kuanzia mwilini si ya kubuniwa hapa kambini. Konstantin Stanislavski wa Urusi (1863–1938), katika miaka yake ya mwisho, aliwaanzisha waigizaji kwa vitendo vidogo vya mwili, akiamini kwamba ukikifanya kitendo sawasawa hisia itakuja yenyewe. Na Augusto Boal wa Brazili (1931–2009), aliyekamatwa na kuteswa 1971 chini ya serikali ya kijeshi, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi (huyo naye alikuwa mwenzetu), alifundisha kwamba kazi ya kila siku inaujenga mwili wa mtu kwa namna yake. Kwa hiyo yeye alitaka watu waujue mwili wao kwanza, maneno baadaye.

Sisi hilo hatuhitaji kuelezwa sana, tuna bidoni. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 juu ya kichwa cha msichana. Yule anayecheza mke wa Kitunda anabeba kila siku, lakini kwenye mchezo alipopewa bidoni tupu aanze kuigiza mzigo, alilegea huku na huku akiguna ovyo. Mwalimu akamtuma akaijaze. Aliporudi, darasa zima likaambiwa limtazame: shingo haitikisiki, macho yako mbele, hatua ni fupi, kiuno ndicho kinachofanya kazi. Wala haguni, maana anayebeba kweli anaitunza pumzi yake. Baadaye akaipita njia ileile na bidoni tupu, na mdogo wake aliyekuwa pembeni akakimbia kumpokea mzigo. Nadhani hapo alifaulu mtihani.

Wanaocheza wazee nao walikuja na ule uzee wa kuchekesha: mgongo umekunjwa, fimbo inatetemeka, kikohozi. Wakatumwa nyumbani kuwaangalia babu na bibi zao wakiinuka kwenye kiti. Walirudi na habari nzuri. Mzee anajipanga kabla ya kuinuka: anasogea ukingoni, anatafuta pa kuweka mkono, anangoja kidogo. Na akishasimama anajinyoosha, hataki uone maumivu. Ila waliambiwa jambo moja kwa ukali, na mimi naliunga mkono: hakuna kumwiga jirani mwenye mguu mbovu. Yupo, atakuja kutazama, atajitambua.

Sasa nifike kwa mnyapara, maana juu yake ndiyo kulikuwa na maneno. Baba mmoja hakupenda mwanawe acheze mtu wa kuchapa wenzake, na ninamwelewa. Humu kuna watoto waliomwona mtu wa namna hiyo si kwenye mchezo. Kijana mwenyewe alianza kwa kutunisha kifua na kupiga kelele. Kisha waligundua kwamba anatisha zaidi akitembea taratibu, asimtazame mtu usoni, wengine wakimpisha. Mwenye nguvu hana haraka. (Mtazameni yeyote anayeshika orodha, popote palipo na foleni.)

Fimbo imeondolewa kabisa. Mkono unainuka, unasimama mbali, na anayepigwa ndiye anayeonyesha pigo kwa bega na magoti. Mtoto mmoja alipoona mkono umeinuka akakauka, hasemi, hasogei. Mazoezi yakasimamishwa, akapewa maji, na sasa anapiga ngoma. Hakuna aliyemuuliza kisa chake mbele ya watu. Nimewahi kusikia walimu wa michezo wakimwambia mtoto akumbuke siku mbaya ya maisha yake ili alie vizuri. Kwa watoto hawa huo ni ukatili. Hapa mtoto anajifunza pumzi, magoti, shingo, basi. Wakimaliza wanajipukuta mikono na miguu, kila mmoja anataja jina lake kwa sauti, ndipo wanaenda nyumbani.

Bado sehemu ya mwisho, Kinjeketile akiwa mfungwa, anaombwa aseme kwamba maji ni uongo, naye anakataa. Mikono imefungwa nyuma, kwa hiyo kijana amebakiwa na shingo na macho tu. Juzi aliinua kidevu kidogo sana, na ilitosha.

Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa saa tisa. Mke wa Kitunda amekosa mara nne kwa sababu ya zamu ya bomba. Familia yake inaomba jirani wa kubadilishana naye siku hizo mbili. Anayeweza amwone mwalimu. Vinahitajika pia vikwembe viwili vilivyochakaa, na kamba laini.