Nyumba ni Yake, Kiwanja si Chake

Watu wa bara wakisikia jina la Mombasa hufikiri kwanza habari za meli, minazi na bahari. Karani ahamishiwaye huko hufikiri jambo jingine: atalala wapi? Na wala si wageni peke yao waulizao hivyo. Kijana aliyezaliwa Kibokoni, ambaye babu yake na baba wa babu yake wamezikwa kisiwani, akitaka kuoa naye huuliza swali lilo hilo, tena pengine kwa uchungu zaidi, kwa maana mgeni ana kwao pa kurudi.

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 15, na katika hizo yapasa kuondoa bandari, reli, maghala, viwanja vya mpira, makaburi na maofisi kabla ya kuhesabu mahali pa kulala mtu. Pande zote ni maji. Atakaye kwenda bara ya magharibi hupita Makupa. Atakaye kwenda kaskazini huvuka daraja la Nyali, ambalo la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1931, lilielea juu ya maji, na hili la sasa likajengwa mwaka 1980. Na atakaye kwenda kusini hungoja feri ya Likoni. Watu huzaliwa na kuhamia, bali ardhi haizai.

Hesabu za watu zaeleza habari hii vizuri kuliko maneno. Mwaka 1948 mji wote wa Mombasa ulikuwa na watu wapatao 85,000. Mwaka 1962 wakawa karibu 180,000. Mwaka 1979 wakapita 340,000. Na katika hesabu ya mwaka 2019 wilaya zote za Mombasa pamoja zilikuwa na watu 1,208,333. Lakini msomaji asidhani kwamba watu hao wote wamesongamana kisiwani. Mvita, ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 143,128 mwaka 2009, na miaka kumi baadaye 154,171. Nyongeza hiyo ni watu 11,043 tu. Katika miaka hiyo hiyo Mombasa nzima iliongezeka watu 268,963. Maana yake ni kwamba katika kila watu mia walioongezeka, wanne tu ndio waliopata nafasi kisiwani. Kisauni ilitoka 194,065 ikafika 291,930, na Likoni 166,008 ikafika 250,358. Kisiwa kimejaa kama mtungi. Maji yazidiyo yamwagika kando.

Zamani haikuwa hivyo. Mji wenyewe ulikuwa upande wa mashariki tu, kuanzia Ngomeni, yaani Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, hata kuelekea kaskazini kandokando ya bandari ya majahazi. Sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa mashamba na vichaka. Ndipo reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na mwaka 1926 gati za kwanza za kina kirefu zikafunguliwa Kilindini. Kazi ikahama kutoka bandari ya majahazi ikaenda upande wa pili wa kisiwa, na kazi ilipokwenda watu wakaifuata: Wamijikenda, Wakamba, Wataita, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, na wengine wengi. Bandari iliwahitaji mchana. Habari ya usiku hakuna aliyeifikiri sana.

Hapo ndipo ilipoingia nyumba ya Majengo, na yafaa ielezwe kwa urefu, kwa sababu asiyeielewa nyumba hii hataielewa Mombasa. Mwenye ardhi, awe Mwarabu, Mswahili au Mhindi, aligawanya shamba lake kuwa viwanja vidogo vilivyopangwa kwa safu kufuata ramani iliyokubaliwa na wakuu wa mji. Hakuviuza. Alivikodisha kwa mwezi. Mtu mwenye akiba kidogo, mwanamume au mwanamke, alichukua kiwanja akajenga nyumba yake mwenyewe: kuta za fito na udongo, paa la makuti na baadaye mabati, ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma penye jiko, kisima na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha kwa wafanya kazi. Kodi ya vyumba ilimlisha. Katika hiyo hiyo alimlipa mwenye kiwanja. Bila ya shaka wajane wengi wa Mombasa walilea watoto wao kwa nyumba za namna hii, na vibarua wengi wa bandarini walipata humo kitanda ambacho tajiri wao hakuwapa.

Kwa desturi ya pwani hapakuwa na ajabu yoyote katika jambo hili. Mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyouotesha ikawa ya mwingine. Vivyo hivyo nyumba. Lakini sheria ya Kiingereza yasema kwamba kitu kilichoshikamana na ardhi huifuata ardhi. Mwaka 1908 ilipotungwa sheria ya kuandikisha ardhi za pwani, watu walitakiwa walete madai yao wapewe hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wengine walidai wakapata. Wengine hawakujua, au walichelewa, au walidhani kwamba jambo linalojulikana na mtaa mzima halihitaji karatasi. Tangu siku hizo desturi mbili zimelala kitanda kimoja pasipo kupatana. Mwenye nyumba asema, “Hii ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu.” Mwenye hati naye asema, “Kiwanja ni changu, nakupa notisi.” Wote wawili wasema kweli.

Tazama basi matokeo yake. Mtu asiye na hati ya kiwanja hawezi kukiweka rehani benki akope fedha za kujengea. Aweza kuezua makuti akatia mabati, aweza kusakafu kwa saruji, lakini akisimamisha nyumba ya mawe yenye ghorofa aweka mali yake juu ya mgongo wa mtu mwingine. Kwa hiyo nyumba za udongo zilizojengwa kuwa za muda zimekaa miaka hamsini, sabini na zaidi. Na thamani ya ardhi ikipanda, mwenye hati huuza kiwanja pamoja na watu walio juu yake, na mnunuzi, ambaye pengine hajapata kukanyaga mtaa ule, huja na karatasi ya korti.

Shida hii haikuwa ya Mombasa peke yake. Unguja, upande wa Ng’ambo, mwaka 1928 wenye nyumba walikataa kulipa kodi za viwanja zilizokuwa zikipandishwa, pakazuka ghasia, hata mwisho Serikali ikaingia kati kuzuia kodi zile. Mombasa yenyewe hasira ilitokea kwa njia ya kazi. Mwaka 1939 vibarua waligoma, na jambo kubwa walilolalamikia ni nyumba na kodi yake. Tume iliyoundwa kuchunguza ikaona kwamba hawakulalamika bure. Vita vikapita, watu wakazidi, na tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 waliweka vifaa chini kwa muda wa karibu wiki mbili. Baada ya hapo mishahara na fedha za nyumba zikaongezwa, na katika miaka ya 1950 zikajengwa nyumba za mji huko Tudor na Changamwe. Zilikuwa nyumba za mawe, zenye maji ya mfereji. Hazikutosha hata siku zilipofunguliwa.

Maji nayo yana kisa chake. Zamani kisiwa kilitegemea visima. Jiwe la kisiwa ni matumbawe, lenye matundu kama sifongo, na uchafu wa choo cha shimo haukawii kufika katika kisima cha jirani. Ndiyo sababu maafisa wa afya walitaka sana maji ya bomba: kwanza ya Marere katika vilima vya Shimba mwaka 1923, kisha ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, yaliyofika mwaka 1957 kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Lakini bomba lililotosha mji wa mwaka 1957 laweza kutoshaje watu zaidi ya milioni moja? Katika mitaa mingi visima vile vile vya zamani vingali vikitumika, na magari ya kuuza maji hupita kwa mitungi ya plastiki.

Sasa turudi Mji wa Kale, maana huko shida ni ya namna nyingine. Huko nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haifai kuwa ndefu mno, kwa hiyo vyumba ni vyembamba, kiasi cha mita tatu tu kwa upana, virefu kama ujia. Mbele kuna mlango uliochorwa na roshani ya mbao. Mtalii huzipiga picha. Akaaye ndani hutazama juu, mahali boriti iingiapo ukutani, kwa sababu ndipo ioreapo kwanza.

Adui wa nyumba hizi si mvua wala uzee peke yake. Wa kwanza ni saruji. Fundi asiyejua huona lipu ya chokaa imebanduka, akaiondoa yote akapaka saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu na hukauka upesi. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu. Chokaa huuacha utoke, bali saruji huufungia ndani, na ukuta huoza taratibu chini ya lipu inayopendeza. Wa pili ni mirathi. Nyumba ya marehemu hurithiwa na wana, mabinti, wajane, kisha wajukuu, kila mmoja na fungu lake kwa sheria. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Nairobi, wa tatu Maskati. Paa likivuja, kila mwenye fungu hungoja mwenzake. Nyumba za wakfu pia zina shida yake, kwa kuwa haziuzwi. Na wa tatu, jambo lisilopendwa kusemwa, ni kodi zilizozuiliwa. Sheria ya mwaka 1959 ya kudhibiti kodi, iliyohusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, iliwakinga wapangaji maskini, na ilikuwa haki kuwakinga. Lakini mwenye nyumba apataye kodi isiyonunua hata mifuko michache ya chokaa ataacha roshani ianguke.

Mwaka 1990 ulitungwa mpango wa kuhifadhi Mji wa Kale, na tangu hapo atakaye kubadili sura ya nyumba katika eneo la hifadhi hutakiwa kupeleka ramani yake kwa ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Watu wengine wa mji wameukubali mpango huo kwa fahari. Wengine huuliza: baba aliye na wana watatu waliokwisha kuoa, akikatazwa kuongeza ghorofa, awapeleke wapi? Jawabu wajualo wote ni Kisauni. Basi roshani hubaki, na watoto wa roshani huondoka.

Yapendeza kujua kwamba hata vijiji vya Uingereza vina ugomvi wa jinsi hii. Huko nyumba za mawe za zamani hununuliwa na matajiri wa mijini ili wapumzike siku za mapumziko, na mtoto wa mkulima hukosa pa kukaa katika kijiji cha mama yake. Tangu sheria ya mwaka 2011, baraza la parishi, ambalo ni baraza dogo la kijiji, laweza kuandika mpango wake lenyewe: nyumba ngapi zijengwe, zikae wapi, ziwe za namna gani. Kisha wanakijiji hupiga kura, wakikubali mpango huwa na nguvu ya sheria. Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, inataka wananchi washirikishwe katika mipango. Mtaa wa Kuze au Mkanyageni haujapata kupigia kura ramani yake.

Kwa upande wa nyumba mpya, kazi kubwa iliyoonekana kisiwani ni ya Buxton. Nyumba za zamani za mji zilianza kubomolewa mwaka 2021, ili mahali pake pasimame majumba ya ghorofa yenye nyumba zaidi ya 1,800. Wapangaji wengine waliondoka na fedha walizopewa za kupangia kwingine. Wengine walikwenda kortini, wakiogopa kwamba mtu aliyezoea kupanga hataweza kununua. Majumba yakainuka, marefu na safi. Na kwa idadi ni faida, kwani kiwanja kilichochukua mamia kimechukua zaidi. Lakini Buxton ilikuwa ardhi ya mji, yenye mwenyewe mmoja. Majengo haina mwenyewe mmoja. Kila safu ina mwenye hati wake, kila kiwanja kina mwenye nyumba wake, kila chumba kina mpangaji wake, na mpangaji huyo hakutajwa katika karatasi yoyote.

Njia moja iliyopata kujaribiwa ni Serikali kununua ardhi kwa mwenye hati na kuwagawia waliojenga. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Likoni katika shamba la Waitiki la ekari 930, ambalo hati zake zilianza kutolewa mwaka 2016. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya bei watakayorudisha wananchi. Kwa ardhi ya kisiwani, iliyo karibu na soko na bandari, bei hiyo ingekuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Wakati huo jioni ikifika, saa kumi na moja, Mwembe Tayari hujaa watu wasimamao kungoja matatu za Kisauni na Mikindani, na wengine huteremka kwa miguu kuelekea feri. Wengi wao watapita mbele ya nyumba walimozaliwa.