Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Michezo kwa Bajeti ya Kati

Mwanzoni mwa muhula huu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini, si kwa ajili ya insha yake, bali kwa swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimepata kompyuta ya i7, RAM 16, iliyotumika. Muuzaji anasema inacheza geimu zote. Niichukue?" Fedha zenyewe alikuwa amezikusanya mwaka mzima kwa kuwafundisha watoto wa majirani jioni. Nilimwomba aniletee jina kamili la prosesa. Likawa i7-3770. Nikamwambia aiache, na kwa kuwa wenzake kadhaa wamekuja baadaye na swali lilo hilo, nimeona niandike sababu zake hapa.

Sisi wa Kiswahili tumezoea kulivunja neno: a-na-som-a, kila mofimu na kazi yake. Jina la prosesa nalo huvunjwa hivyo hivyo. Katika i5-12400F ya kampuni ya Intel, i5 ni daraja, 12 ni kizazi, 400 ni nafasi yake ndani ya kizazi hicho, na F ni kiambishi cha ukanushi kinachokuja mwishoni: prosesa hii haina sehemu ya ndani ya kutoa picha, kwa hiyo bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi. Kwa AMD mambo hugeuka. Ryzen 5 5600 haina picha ya ndani, na herufi G katika 5600G ndiyo inayotuambia kwamba ipo.

Tukiivunja i7-3770 tunapata kizazi cha 3, cha mwaka 2012. Prosesa ya i3-12100 ya mwaka 2022, ingawa daraja lake ni la chini kwa jina na zote mbili zina viini 4, huiacha nyuma kwa mbali. Muuzaji anayetangaza "i7" peke yake amekutajia kiambishi akauficha mzizi. Tena Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za umri huo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya mashine ile ilikuwa nyingine: haikuwa na kadi ya picha. Prosesa hukokotoa kanuni za mchezo, yaani mpira umeelekea wapi au adui yuko nyuma ya ukuta gani. Anayechora yote hayo ni kadi. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na ikichorwa mara 60 kwa sekunde, hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Skrini ya 2560 kwa 1440 huongeza kazi hiyo karibu mara 1.8, na ile ya 4K huifanya kuwa mara nne kamili. Ndiyo maana mimi hushauri mtu aanze kwa kuamua skrini, kisha achague kadi inayoimudu, na prosesa ije ya tatu. Kwa bajeti ya kati, 1920 kwa 1080 inatosha kabisa, na theluthi moja ya fedha au zaidi kidogo iende kwenye kadi.

Kadi zinazofaa kazi hiyo ni kama RX 6600 ya mwaka 2021, RTX 3060 ya mwaka huohuo, au RTX 4060 ya mwaka 2023. Hapa pana mtego ambao wanaisimu watautambua kuwa ni homonimu. RTX 3060 ni jina la kadi mbili: moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 12, nyingine, iliyokuja baadaye, ina 8 na ni ya polepole zaidi. Usiulize jina tu, uliza na kiasi.

RAM ya gigabaiti 16 inunuliwe kama vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vijiti viwili kwa wakati mmoja kupitia njia mbili. Bei za RAM zilipanda mno mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Kwa hiyo sioni aibu kuchagua ubao mama wa DDR4, ambao vijiti vyake vilivyotumika ni rahisi kupata. Hakikisha tu kwamba ubao na vijiti ni vya aina moja, maana kijiti cha DDR4 hakiingii katika nafasi ya DDR5.

Diski iwe SSD. Kasha liwe na feni na matundu mbele, basi. Taa za rangi hazichezi mchezo.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Tafuta kwenye lebo mstari wa volti 12, kisha zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Kisanduku kinachojiita wati 700 lakini kina ampea 25 kwenye mstari huo kitakupa wati 300 tu mahali zinapohitajika. Cha wati 550 chenye ampea 45 kinatoa 540, na hizo zinaitosha RTX 4060, inayotumia takriban wati 115, pamoja na prosesa yake. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, hupima ni kiasi gani cha umeme hakipotei. Haithibitishi kwamba kisanduku hakitaungua. Na kwa wanaonunua mashine za zamani: nyingine zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Umeme wetu Uganda ni volti 240. Ukiiwasha mashine hiyo swichi ikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko, na pengine hutapata nafasi ya pili.

Fedha zisipotosha kwa mara moja, njia ipo. Nunua ubao, RAM, kisanduku kizuri na Ryzen 5 5600G, ucheze michezo myepesi kwa picha yake ya ndani, kisha uongeze kadi baadaye. Nguvu yake hupungua kidogo kuliko ile ya 5600 ya kawaida, lakini hakuna kipuri utakachokitupa. Mwanafunzi wetu aliifuata njia hiyo. Kadi bado anaikusanyia, na mpira anacheza kila jioni. Insha yake bado sijaiona.