Benki Ikikataa Kurudisha Fedha Zilizoibwa, Ufanye Nini?

Wakulima wengi wa Njombe na Makambako siku hizi wanaweka fedha zao benki. Hilo ni jambo jema. Fedha iliyofichwa ndani ya nyumba huliwa na panya, huungua na moto, au huchukuliwa na mwizi. Lakini siku hizi mwizi anaweza kuiba hata fedha iliyo benki. Havunji mlango. Anaiba kwa simu, na wewe umelala nyumbani kwako.

Ukienda benki kulalamika unaweza kuambiwa, "Kosa ni lako. Hatulipi." Wengi wakiambiwa hivyo hurudi nyumbani na kunyamaza. Wanadhani neno la benki ni hukumu. Sivyo. Benki si mahakama. Leo tutajifunza namna ya kuibishia benki kwa adabu, kwa maandishi na kwa kufuata ngazi.

MFANO WA MAMA MKULIMA

Tuchukue mfano. Mama mmoja analima viazi mviringo katika kijiji kilicho karibu na mji wa Njombe. Ameuza viazi vyake Makambako, pale ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu iendayo Zambia. Hakutaka kusafiri na fedha mfukoni. Akaziweka benki, shilingi 1,480,000. Hizo ni fedha za mbolea, za mbegu na za ada ya mtoto.

Jumamosi saa kumi jioni simu yake ikakosa mtandao. Simu za majirani zilikuwa nzima. Yeye akadhani ni ubovu wa simu tu, akalala. Jumatatu akapanda basi kwenda kununua mbolea. Benki akaambiwa zimebaki shilingi 50,000. Nyingine zilihamishwa kwa simu Jumamosi usiku, mara tatu: shilingi 600,000, shilingi 500,000 na shilingi 330,000.

Kijana wa dirishani alikuwa na adabu. Alisema, "Shikamoo, mama." Lakini alipotazama kompyuta yake akasema:

"Mama, namba yako ya siri ndiyo iliyotumika. Basi ni wewe, au ni mtu uliyempa. Benki hairudishi."

Mama akamwuliza, "Mwanangu, Jumamosi usiku simu yangu ilikuwa imekufa. Ningehamishaje fedha?"

Kijana hakuwa na jibu. Swali la mama lilikuwa zuri sana. Lakini swali la mdomo huishia palepale dirishani. Linatakiwa liandikwe.

FEDHA ILIYO BENKI NI DENI

Kwanza tuelewe jambo moja. Ukiweka fedha benki, benki inakuwa na deni kwako. Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1848 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua hivyo, na sheria ya benki ya nchi yetu ilirithi kanuni hiyo.

Benki inapunguza deni hilo kwa amri yako. Ukiandika hundi, ukijaza fomu na kutia sahihi, au ukibonyeza simu yako, hiyo ni amri. Mwizi akijifanya wewe, amri ile si yako.

Lakini benki nayo ina hoja. Itasema: "Katika mkataba uliahidi kutunza namba ya siri. Hukuitunza." Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo. Kwa hiyo usibishane juu ya mambo mengine. Jibu swali hili moja: amri ile ilitoka kwa nani?

NAMBA YA SIRI INATHIBITISHA NINI?

Namba ya siri inathibitisha kwamba namba imetumika. Haisemi ni kidole cha nani kilichobonyeza. Fikiri juu ya ufunguo. Mlango ukifunguliwa kwa ufunguo, je, ni lazima aliyefungua awe mwenye nyumba?

Katika mfano wetu mwizi alifanya hivi. Alikwenda kwa wakala wa simu mahali pengine, akajifanya yeye ndiye mama, akasema laini yake imepotea. Akapewa laini mpya yenye namba ya mama. Papo hapo laini ya mama ikafa. Tangu saa ile, ujumbe wa benki wa kuthibitisha ulikuwa unakwenda kwa mwizi.

Wizi wa namna hii huacha nyayo. Kampuni ya simu inatunza kumbukumbu: laini ilirudishwa siku gani, saa ngapi, na kwa wakala gani. Kama kumbukumbu inaonyesha kwamba laini ilirudishwa Jumamosi saa kumi jioni, na fedha zikatoka saa tatu usiku, mama ana ushahidi mzito.

Wako waliowahi kuambiwa kwamba mashine haikosei. Mwaka 1992 polisi mmoja wa Uingereza aliona fedha zimetoka katika akaunti yake kwa mashine bila yeye kujua. Akalalamika. Wenye mashine wakasema mashine zao ni salama, basi yeye ni mwongo. Akashtakiwa, na mwaka 1994 akatiwa hatiani. Akakata rufani. Mwaka 1996 akaachiwa huru, kwa sababu wenye mashine walikataa wataalamu wa upande wake wasizikague. Kwa hiyo benki ikisema "kompyuta inaonyesha", wewe sema, "Naomba nionyeshwe."

SEMA UKWELI WOTE

Wizi uko wa aina mbili. Aina ya kwanza ni ule wa mama yetu: mwizi alitoa fedha bila yeye kujua. Aina ya pili ni pale unapodanganywa ukatuma fedha kwa mkono wako mwenyewe. Unapigiwa simu, unaambiwa umeshinda zawadi, au mwanao amelazwa, nawe unatuma. Kesi hii ya pili ni ngumu zaidi, maana amri uliitoa mwenyewe. Hata hivyo toa taarifa haraka. Huenda fedha bado zipo upande wa pili na zikazuiliwa.

Kama ulimpa mtoto au wakala namba yako ya siri, usifiche. Ukisema uongo mmoja na ukagundulika, hata ukweli wako mwingine hautaaminiwa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Toa taarifa siku ileile. Iambie benki ifunge akaunti. Piga namba 100 ya kampuni yako ya simu, kwa kutumia simu ya jirani mwenye laini ya kampuni ileile. Namba ya tapeli ipeleke 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo.

2. Nenda kituo cha polisi. Wizi wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Omba namba ya RB, uiandike katika daftari. Waombe polisi wapate kumbukumbu za laini kutoka kampuni ya simu.

3. Omba benki taarifa ya akaunti iliyochapishwa. Itaonyesha kila fedha iliyotoka, siku, na saa.

4. Mwandikie barua meneja wa tawi. Toa nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge mhuri wa kupokea na tarehe. Hiyo ya mhuri ni yako. Usiipoteze.

5. Wakikataa, omba sababu za kukataa kwa maandishi. Wakisema ulivunja mkataba, waonyeshe ni kifungu kipi. Kisha andika makao makuu ya benki hiyo.

6. Usiporidhika, andika Benki Kuu ya Tanzania. Benki Kuu ndiyo inayozisimamia benki zote, na ina dawati la malalamiko ya wateja. Ziko Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Lakini ni lazima uanze na benki yako kwanza. Ndiyo maana barua yenye mhuri ni muhimu. Tawi la Benki Kuu lililo karibu nasi liko Mbeya. Usiogope nauli, barua inatosha kuanzia.

7. Mwisho ni mahakama. Madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka 6. Usingoje iishe, maana kumbukumbu hupotea. Kama huna fedha za wakili, watafute wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza.

BARUA YA MFANO

Barua haihitaji maneno makubwa. Nakili hii, ujaze mambo yako:

Kwa Meneja,
Benki ya ............, Tawi la ............
Tarehe ............

YAH: FEDHA KUTOLEWA KATIKA AKAUNTI NAMBA ............ BILA AMRI YANGU

Mimi ............ ni mteja wenu. Tarehe ............ saa ............ fedha shilingi ............ zilitolewa katika akaunti yangu. Mimi sikuzitoa, wala sikumtuma mtu kuzitoa. Simu yangu ilikosa mtandao tangu tarehe ............ saa ............. Nilitoa taarifa kwenu tarehe ............ na polisi kwa RB namba .............

Naomba mambo matatu. Kwanza, nirudishiwe fedha zangu. Pili, nielezwe fedha zilikwenda kwenye namba au akaunti gani, na kwa njia gani. Tatu, kama mnakataa, nipewe sababu kwa maandishi.

Wako,
............ (sahihi)

Usiandike namba yako ya siri katika barua. Hakuna mwenye haki ya kuijua, hata meneja.

MWISHO

Ndugu msomaji, si kila anayeandika barua hurudishiwa fedha zake. Tusidanganyane. Lakini asiyeandika hana kitu cha kumwonyesha meneja, wala Benki Kuu, wala hakimu. Wewe ulijifunza kusoma na kuandika ukubwani, baada ya kazi za shamba, na wengine wakacheka. Kalamu ile uliyoishika darasani ndiyo itakayosimama nawe dirishani.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo, kabla ya shida kufika, fungua ukurasa mmoja wa daftari lako. Andika jina la tawi lako, simu ya benki yako, na kila fedha unayoweka na kutoa. Simu yako ikikosa mtandao huku za wenzako ni nzima, usilale. Uliza usiku uleule.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini fedha iliyo benki inaitwa deni?
2. Namba ya siri inathibitisha nini, na haithibitishi nini?
3. Mama yetu angefanya nini Jumamosi jioni?
4. Andika barua ya mfano katika daftari lako, kisha msomee mwenzako.